Kasi Namba Nne

Watu sita walikufa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa cha Isyeto saa moja na robo asubuhi, na king'ora kililia saa moja na dakika ishirini na tatu. Dakika hizo nane ndizo zilizomfanya Tusekile aitwe ofisini kwa mhandisi mkuu kabla hata marehemu hawajazikwa.

Kilichowaua hakikuwa na rangi wala harufu. Tangu kampuni ya Mvuke wa Kusini ichimbe visima vyake vya joto chini ya mlima, hewa ya kaboni iliyokuwa imelala kwenye miamba ilikuwa ikitoka kwenye nyufa bila taarifa. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ilitambaa ardhini na kuteremka mabondeni kama maji ya mfereji. Kwanza ilichukua kuku, kisha mbwa, kisha mtoto anayetambaa, na mwisho mtu mzima aliyeinama kuchochea moto. Wenyeji waliiita mzito. Ukisikia mtu amepitiwa na mzito, huulizi tena alikuwa akiumwa nini.

Ndiyo maana kila nyumba ya bonde lile ilifungwa kijisanduku cheupe ukutani, usawa wa goti. Kilipima hewa mchana na usiku, na ndani yake mlikuwa na modemu ya redio iliyopeleka vipimo hadi mtamboni kwa kampuni. Zamani vijisanduku hivyo vililia vyenyewe. Vililia kwa moshi wa kuni, vililia kwa pombe ya ndizi inayochachuka chumbani, vililia mpaka watu wakavichomoa na kuvitupa migombani. Ndipo uamuzi wa kulia ukahamishiwa mtamboni. Mashine moja ilikusanya vipimo vyote, ikakokotoa mzito unaelekea wapi, na hiyo peke yake ndiyo iliyokuwa na ruhusa ya kuamuru ving'ora. Watoto waliozaliwa Isyeto baada ya hapo walikua bila kujua kwamba kengele ya nyumbani kwao iliwahi kuwa na akili yake.

Tusekile alikuwa fundi wa redio hizo kwa miaka kumi na moja. Alizijua kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake: ipi inasikia vibaya mvua ikinyesha, ipi antena yake imepindishwa na kunguru. Mhandisi Rweyongeza alipomuuliza kwa nini king'ora kilichelewa, hakuhitaji kufungua daftari.

Alimweleza kwamba mashine huziita nyumba moja moja, kwa jina, na kusubiri kila moja ijibu ndipo iite inayofuata. Nyumba zilikuwa mia tatu hamsini na tatu, zote kwenye chaneli moja. Modemu zilikuwa na kasi nne za kurusha, na kwa kuwa ziligawana chaneli, zote zililazimika kutumia kasi ile ile. Ukizungumza haraka, sauti haifiki mbali. Ukizungumza polepole, inafika mbali, lakini mzunguko wa kuita nyumba zote unakuwa mrefu. Tangu mwanzo walikuwa wameziweka kasi namba moja, ya polepole kabisa, ili ziweze kusikika mpaka Ndobo, kitongoji kilichoko chini korongoni. Kwa kasi hiyo mzunguko ulichukua dakika tisa.

"Na kwa namba nne?" aliuliza mhandisi.

"Dakika moja na nusu."

"Basi weka namba nne."

Tusekile alimwambia kwamba Ndobo haitasikia. Rweyongeza alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, mwenye mikono mikubwa. Alikuwa ametoka kubeba majeneza mawili kati ya yale sita hadi nyumbani kwa wafiwa. Aliuliza kama nguvu ya kurusha haiwezi kuongezwa, na Tusekile akamjibu kwamba iko juu kabisa, zaidi ya hapo sheria hairuhusu na vifaa vyenyewe vitaungua. Aliuliza kuhusu kuweka redio ya kupokezana mgongoni mwa korongo. Walishaijaribu: kila ujumbe ulirudiwa mara mbili, mzunguko ukafika dakika kumi na nane, na kwa kasi za juu hata redio hiyo haikusikika chini korongoni. Dawa pekee ilikuwa chaneli ya pili, ya Ndobo peke yake. Lakini miaka hiyo hewa ilikuwa imekwisha kugawanywa kama viwanja. Miji ilikuwa imenunua masafa yote mazuri kwa ajili ya magari yake yasiyo na dereva, na ombi la kijiji lilikaa foleni miezi minne, mambo yakienda vizuri.

"Nyumba mia tatu na kumi na mbili huku juu," alisema Rweyongeza. "Arobaini na moja kule chini. Wewe ungefanyaje?"

Lilikuwa swali la kweli, na Tusekile alijua. Alizihesabu nyumba hizo upya kichwani kana kwamba hesabu ingebadilika. Mwishowe alisema angeweka namba nne, kisha angeteremka Ndobo siku hiyo hiyo kuwaambia watu wahame mpaka chaneli ipatikane.

Mhandisi alitikisa kichwa. Wahamie wapi, aliuliza. Wakiambiwa, watapanda wote na mifugo yao wakae kwenye uwanja wa shule, habari zitafika mjini, serikali itafunga visima, na visima vikifungwa ghafla mgandamizo utatafuta njia nyingine ya kutokea. Labda alikuwa anasema kweli. Tusekile hakuwa mtu wa miamba, hakuwa na la kumpinga. Kisha Rweyongeza alisema jambo la pili, na alilisema akitazama dirishani. Modemu za Ndobo zikikosa kuitwa kwa saa moja, taa zake zitageuka nyekundu. Lakini zilikuwa na hali moja iliyowekwa kwa ajili ya mafundi, hali ya kujijibu, ambamo modemu hujiita yenyewe na kujiitikia yenyewe, na taa hubaki kijani. Alimtaka Tusekile apite nyumba zote arobaini na moja, aziweke katika hali hiyo.

"Miezi minne tu," alisema. "Mzito haujawahi kufika Ndobo."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mhandisi hakumwandikia. Alimwambia kwa mdomo, mlango ukiwa umefungwa.

*

Kazi ya Ndobo ilimchukua siku tatu. Alipita nyumba kwa nyumba na waya na kompyuta yake ndogo, akichuchumaa mbele ya kila kijisanduku. Alikuwa na matumaini madogo kwamba angekuta ile programu ya zamani, ya kulia bila kuruhusiwa, imebaki ndani hata kwenye vifaa vichache. Alifungua vitano vya kwanza akitafuta. Ilikuwa imefutwa yote, kwa usafi wa kuridhisha. Tangu kijisanduku cha sita hakutafuta tena. Aliingiza neno la siri, akachagua hali ya kujijibu, akahifadhi, na kijisanduku kikaandika jina lake na saa.

Watu walimkaribisha vizuri, na hilo ndilo lililomchosha zaidi ya njia. Walikuwa wamesikia habari za kituo cha maziwa, na kumwona fundi anapita kila nyumba kuliwatuliza. Mzee mmoja alimwita mwanawe aje aone jinsi kampuni inavyowajali. Nyumba nyingine walimpa ndizi za kuchoma, nyingine maziwa ya mgando, naye alikula na kunywa kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Tumpale. Walikuwa wamesoma pamoja sekondari Tukuyu, dawati moja kwa miaka minne, kabla Tumpale hajaolewa Ndobo na kuitwa Mama Lusajo. Mumewe alikuwa amefariki, na sasa aliishi na watoto wake wawili, ukuta kwa ukuta na shemeji yake, Gwakisa, ambaye ndiye aliyemlimia shamba na kumlipia Lusajo sare za shule. Gwakisa alikuwepo siku hiyo, akipigilia misumari kwenye banda la ndama, akamsalimu Tusekile kwa heshima na kumwomba radhi kwa kelele.

Tusekile alichuchumaa, akaunganisha waya, akafanya alichokwisha kukifanya mara arobaini. Alipoinuka, Tumpale alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Kinafanya kazi?" aliuliza.

"Taa ni ya kijani."

"Hilo naliona, Tuse. Nimekuuliza kama kinafanya kazi."

Pengine ni kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeuliza mara ya pili. Pengine ni kwa sababu ya lile jina la utotoni. Tusekile alitazama nje kuhakikisha nyundo ya Gwakisa bado inagonga, kisha akamwambia yote kwa sauti ya chini: kasi, dakika, nyumba mia tatu na kumi na mbili, miezi minne. Alimwambia taa ile ni kama picha ya taa. Alimwambia achukue watoto wapande Tukuyu kwa mama yake. Na palepale, kwa kinywa kile kile, alimwomba asimwambie mtu, kwa sababu ikijulikana atafukuzwa na atashtakiwa, na tena hakuna aliyesema mzito utakuja.

Tumpale aliweka kikombe chini. Aliuliza kama Gwakisa naye asiambiwe. Tusekile alijibu kwamba Gwakisa akijua, mkewe atajua, na mkewe akijua, kitongoji kizima kitajua kabla ya jioni.

"Sasa umenipa nini?" aliuliza Tumpale. Hakuwa na hasira bado. Aliuliza kama mtu aliyekabidhiwa mzigo barabarani na hajui wa nani.

Tusekile alikunja waya wake, akaaga, akapita mbele ya banda la ndama na kumtakia Gwakisa kazi njema.

Siku mbili baadaye Tumpale aliondoka na watoto. Majirani aliwaambia Lusajo ana matatizo ya macho, anampeleka hospitali. Gwakisa ndiye aliyewabebea mizigo hadi barabarani.

*

Ilikuwa wiki ya tano baada ya hapo, mwezi wa sita, asubuhi ya baridi isiyo na upepo hata kidogo. Tusekile alikuwa mtamboni, kwenye chumba cha mashine, saa moja kasoro dakika tano, pale namba za vijisanduku vya sehemu ya juu kabisa ya Isyeto zilipoanza kupanda. Mashine ilihitaji mzunguko mmoja tu. Kabla hajaweka chini kikombe chake, ving'ora vya Isyeto vilikuwa vinalia, safu ya kwanza, kisha ya pili, kwa mpangilio ule ule ambao mzito ungefuata. Kwenye kamera aliona watu wakitoka na watoto mgongoni, wakipanda kilimani kama walivyofundishwa. Hakuna aliyekimbia ovyo. Baada ya dakika sita Isyeto nzima ilikuwa juu ya kilima, na mzito ulipita kwenye nyumba tupu.

Rweyongeza aliingia akiwa hajafunga vifungo vya koti. Alitazama kioo cha mashine, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa Kihaya. Kisha wote wawili wakaona mstari wa chini.

Mashine ilikuwa imeendelea kukokotoa. Ilionyesha mzito unaelekea ukingo wa korongo, ikaonyesha wingi wake, ikaonyesha utafika Ndobo baada ya dakika kumi na nne. Pale ambapo ingeandika majina ya nyumba za kuamuru, paliandikwa sifuri. Tusekile mwenyewe ndiye aliyefuta majina hayo arobaini na moja kutoka kwenye orodha, ili mashine isipoteze muda kuita wasiojibu.

Alikaa kwenye kibodi. Aliyarudisha majina, aliamuru redio zote zirudi kasi namba moja, na huo peke yake ulikuwa mzunguko wa dakika moja na nusu. Aliita nyumba ya kwanza ya Ndobo. Kimya. Aliita ya pili. Alikuwa anaita ya tatu vidole vyake vilipotulia, maana ndipo alipokumbuka vizuri alichokifanya. Sauti ilikuwa inafika. Vijisanduku vilikuwa vinasikia. Lakini modemu iliyowekwa katika hali ya kujijibu haimsikilizi mtu mwingine mpaka uchuchumae mbele yake na waya.

Mle korongoni simu hazikushika. Rweyongeza alichukua gari na barakoa mbili za oksijeni, Tusekile akaingia upande wa pili, wakateremka kwa mwendo ambao barabara ile haikuwahi kuuona. Ilikuwa njia ya dakika ishirini na tano. Njiani mhandisi alisema kwamba huenda watu wameshaamka wako mashambani, na mashamba mengi ya Ndobo yako juu mteremkoni. Kwa wengi ilikuwa hivyo. Waliokuwa shambani walipona wote. Waliokuwa ndani ya nyumba, wagonjwa, wazee, wanawake waliokuwa jikoni, watoto waliokuwa bado hawajaenda shule, walikuwa kumi na tisa. Gwakisa walimkuta kwenye banda, amepiga magoti kando ya ndama, mkono bado uko kwenye shingo ya yule mnyama. Ukutani, katika kila nyumba waliyoingia, taa ilikuwa ya kijani.

*

Tume ilikaa wiki mbili katika ukumbi wa chama cha wafugaji. Rweyongeza alikiri kuamuru kasi namba nne, akaitetea kwa hesabu, na hesabu zake zilikubaliwa. Watu wa Isyeto walisimama mmoja baada ya mwingine kusema wako hai kwa sababu ya kasi hiyo, na mmoja wao, mama aliyefiwa na mume kwenye kituo cha maziwa, alimtazama Tusekile na kumshukuru mbele ya watu wa Ndobo. Tusekile alitamani mama huyo akae.

Kuhusu hali ya kujijibu, mhandisi alisema hakumbuki kuagiza jambo kama hilo. Alisema kwa sauti ndogo, bila kuinua macho. Hapakuwa na karatasi. Palikuwa na kumbukumbu za vijisanduku vyenyewe, mistari arobaini na moja, kila mmoja na jina la Tusekile na saa.

Wakili wake alikuwa amemweleza mapema jinsi sheria ilivyo. Aliyeficha hatari kwa watu wote hufungwa miaka tisa. Ikithibitika alimwonya hata mtu mmoja, kosa hushuka na kuwa uzembe, miaka miwili. Wakili alimuuliza mara tatu kama hakuna mtu. Mara zote tatu Tusekile alimjibu kwamba anafikiria.

Tumpale alikuwa ameshatoa ushahidi siku iliyotangulia. Alikuwa amevaa nguo za msiba, amekaa katikati ya mke wa Gwakisa na watoto wanne wa marehemu. Alisema alipanda Tukuyu kwa ajili ya macho ya mtoto. Walipomuuliza kama alijua lolote kuhusu vijisanduku, alisema hapana, na mke wa Gwakisa alimshika mkono kumpa nguvu.

Sasa mwenyekiti wa tume, mama wa makamo mwenye miwani, alifunga jalada lake na kumgeukia Tusekile.

"Ulikaa Ndobo siku tatu," alisema. "Katika watu wote wale, kuna hata mmoja uliyemwambia ukweli?"

Tusekile hakumtazama Tumpale. Aliuona tu ule mkono, wa mke wa Gwakisa, ukiwa tena juu ya mkono wa Tumpale, na akaona jinsi ungeondoka. Angesema ndiyo, angerudi nyumbani baada ya miaka miwili, na Tumpale asingekuwa na nyumba ya kurudi, wala kisima cha kuchotea maji, wala mtu wa kumlilia mtoto wake akifa. Na lisingekuwa kosa la watu wa Ndobo kumkataa. Wangekuwa na haki yao.

"Hapana," alisema. "Sikumwambia mtu."

Karani aliandika. Kutoka nyuma ya ukumbi mtu fulani alimtukana kwa Kinyakyusa, taratibu, tusi refu ambalo lilitaja tumbo lililomzaa. Mwenyekiti hakumzuia.

Baadaye walimkalisha kwenye benchi la veranda, askari mmoja pembeni yake, wakisubiri gari. Watu walitoka. Wa Isyeto walipita upande mmoja wa uwanja, wa Ndobo upande mwingine. Tumpale alikuja peke yake, akamwomba askari ruhusa ya kumsalimia, na askari akasogea hatua chache.

Tusekile alidhani atashukuriwa, na aliogopa shukrani hiyo kuliko miaka tisa. Alisogea kwenye benchi kumpa nafasi.

Tumpale hakukaa. Alisema kwamba kila asubuhi mke wa Gwakisa humletea uji, humwambia Mungu alimwokoa yeye ili watoto wa nyumba zote mbili wasikose mama, naye huunywa ule uji. Alisema Lusajo ameanza kuuliza kwa nini hakupelekwa kwa daktari wa macho. Alijifunga kanga yake vizuri.

"Ungeninyamazia na mimi, Tuse," alisema. "Ungeninyamazia kama ulivyowanyamazia wenzangu."

Kisha akashuka ngazi, akavuka uwanja kuelekea kwa mke wa Gwakisa, aliyekuwa amesimama langoni akimsubiri.